Ukianza kusoma kesi za uchawi, anza na deni

Wanafunzi wengi wanaochagua mada ya uganga na tuhuma za uchawi katika vijiji vya Ulaya ya karne ya 16 na 17 humkimbilia shetani kwanza: mapepo, mikutano ya usiku, mikataba ya kuzimu. Ushauri wangu ni uanze na majirani. Tafuta nani alimnyima mwenzake nini, na nani alikuwa akimdai nani. Shetani utamkuta mbele ya safari, na mara nyingi utagundua aliingizwa na hakimu.

Chukua kesi ya Ursula Kemp wa kijiji cha St Osyth, Essex, Uingereza, mwaka 1582. Maelezo ya mashahidi yalichapishwa mwaka huohuo, na yamejaa mambo ya jikoni na uani ambayo nyaraka nyingi huyaacha. Ursula alikuwa mganga. Mtoto wa kiume wa jirani yake, Grace Thurlowe, alipougua, Ursula alimshika mkono, akamsemea maneno ya huruma, akatoka na kuingia mara tatu. Mtoto akapona. Baadaye Grace alijifungua binti. Ursula alitaka apewe kazi ya kumlea, akanyimwa, wakagombana. Kichanga kile kikaanguka kutoka kwenye susu, kikavunjika shingo. Grace mwenyewe alipoanza kuumwa miguu, Ursula alijitolea kumtibu kwa peni 12, naye akakubali. Alipata nafuu kwa wiki kadhaa. Ulipofika wakati wa kulipa, Grace alisema yeye ni maskini, hana kitu. Basi nipe jibini, Ursula akasema. Jibini nayo hakuna. Ursula akaondoka akiahidi kwamba watalipana tu, na maumivu yakarudi.

Soma tena kisa hicho ukiwa na kalamu mkononi. Shahidi mkubwa wa mashtaka ni mteja, tena mteja mwenye deni! Shahidi mwingine, Annis Letherdall, alimnyima Ursula mchanga wa kusugulia vyombo. Mtoto wake akavimba, naye akampeleka kwa mganga mwingine. Kwa hiyo usiandike kwamba wanakijiji waliuchukia uganga. Waliutegemea, na ndiyo maana waliuogopa.

Angalia pia dawa yenyewe, usiipite haraka kwa sababu inachekesha. Ursula alifundishwa na mwanamke wa kijiji jirani cha Weeley alipokuwa yeye mwenyewe amelemaa. Unachanganya mavi ya nguruwe na majani ya bustani, unayashika kwa mkono wa kushoto, unayachoma kwa kisu mara tatu, unayatupa motoni. Kisha unachoma kisu mara tatu chini ya meza na kukiacha hapo. Baada ya hapo mgonjwa hunywa majani mengine yaliyotiwa katika pombe, usiku kabla ya kulala na asubuhi kabla ya chochote. Mitishamba na kago vinakwenda pamoja. Ukijaribu kuvitenganisha utakuwa unapanga kabati lako, si lao.

Ursula alijitetea kwamba anaweza kuagua, lakini hawezi kuroga. Sisi tuliozoea kumweka mganga upande mmoja na mchawi upande wa pili tunamwelewa mara moja, na hapo ndipo penye mtego. Majirani zake walifikiri kwamba anayejua kutoa anajua na kuweka. (Kwetu pia mpaka huo huyumba watu wakishagombana, lakini hilo si swali la karatasi yako.)

Halafu fungua sheria. Sheria ya Uingereza ya 1563 iliweka kifo kwa kuua kwa uchawi, na kifungo cha mwaka mmoja kwa kosa la kwanza la kudhuru. Kutibu hakukutajwa. Ili mganga afike kwenye kitanzi, kwa kawaida ilibidi habari zake zigeuzwe kuwa habari za madhara. Kazi hiyo aliifanya hakimu Brian Darcy. Alimhoji mtoto wa Ursula, wa miaka kama minane, akapata majina ya mapepo manne ambayo mama yake alidaiwa kuyafuga. Akamwahidi mama huruma kama angeungama. Akaungama akilia, akanyongwa. Kwa hiyo kila ungamo uliulize: swali gani lilitangulia, na nani alishika kalamu?

Jambo la mwisho, maana naliona kila msimu: acha kuandika kwamba waliouawa walikuwa hasa waganga na wakunga. Kule Scotland, kati ya washtakiwa takriban 3,800 wanaojulikana, uganga unaonekana katika kumbukumbu za asilimia 4 hivi, na wakunga ni wachache mno. Bessie Dunlop wa Ayrshire, aliyehukumiwa mwaka 1576, alikuwa mganga kweli, naye anafaa kuwa kesi yako ya pili. Ya tatu tafuta mtu asiyewahi kumtibu yeyote.