Maswali ya Wasomaji: Afande Akihamia Ulinzi Binafsi

SWALI: Nimestaafu jeshini nikiwa kapteni, na sasa ni meneja wa operesheni katika kampuni ya ulinzi yenye walinzi 60. Ndani ya miezi minne 11 wameacha kazi, na mteja mmoja analalamika kwamba mlinzi wetu alimpekua mgeni wake kwa nguvu. Nidhamu niliyoizoea haishiki. Nakosea wapi?

JIBU: Tuanze na huyo mgeni, maana hapo ndipo kampuni inapoburutwa mahakamani. Ulipovaa magwanda, mamlaka yako yalitoka kwa dola. Mlinzi wa kampuni amesimama pale kwa niaba ya mwenye eneo tu. Sheria hutofautiana, zako zisome, ila kwa kawaida uwezo wake hauzidi sana ule wa raia yeyote, pamoja na haki ya mwenye mali kumkatalia mtu kuingia. Mgeni akikataa kupekuliwa, mlinzi hamgusi. Anamweleza kwa adabu kwamba hataingia, anamjulisha msimamizi wa zamu na mwenyeji wake, kisha anaandika.

Utaratibu huo uwe ndani ya maagizo ya lindo yaliyosainiwa na mteja. Maafande wengi huongeza kazi kwa mdomo: "Kuanzia leo mkague na magari yanayotoka." Likitokea la kutokea, mteja atasema hakuagiza, na bima inaweza kugoma kulipa.

Kuhusu wanaoondoka, kumbuka askari amekula kiapo. Mlinzi anaweza kuleta notisi kesho asubuhi. Kabla ya kulaumu nidhamu, piga hesabu. Lindo moja la usiku na mchana kwa siku 7 ni saa 168. Kila mlinzi akifanya saa 48 kwa wiki, unahitaji walinzi 3.5, ukiweka likizo, ugonjwa na mafunzo, ni 4. Ukiwa nao 3, kila mmoja anafanya saa 56, na akiugua mmoja, wawili waliobaki wanabeba saa 84 kila mtu. Hapo watu husinzia, nawe unaona utovu wa nidhamu. Kumrusha mtu kichurachura hakumwondolei usingizi, na katika ajira ya kiraia kunaweza kukuletea kesi. Msikilize, mpe onyo kwa maandishi, weka nakala kwenye faili lake.

Yapo ya kambini ya kung'ang'ania. Anayeingia zamu afike dakika 15 mapema, wahesabu funguo pamoja, wajaribu redio na kusoma daftari la matukio. Kagua kwa kushtukiza, hasa kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri. Ripoti ya tukio iandikwe kabla zamu haijaisha: saa, mahali, nani, alifanya nini, nani alijulishwa. "Alionekana mwizi" haina maana; "alijaribu vitasa vya magari matatu" inatosha.

SWALI: Je, nifute gwaride la kuingia zamu?

JIBU: Usilifute, lifupishe. Dakika 10: sare, tochi, redio, kisha mlinzi mmoja asome kipengele kimoja cha maagizo ya lindo na kueleza angefanya nini. Akikosea, mrekebishe pembeni. Na dakika hizo zilipwe kama muda wa kazi.