Msikimbilie kujenga seva yenu

Msomaji wa Mbarara, mwanafunzi wa uzamili anayechunguza magonjwa ya muhogo, ameuliza: yeye na wenzake wanne wakiweka seva yao ya Mastodon, mtandao wa kijamii unaoundwa na seva nyingi zinazojitegemea, watafiti wa nje watawaona? Watawaona kwa shida, na wao wenyewe watadhani mtandao mzima umelala.

Mastodon ilianza 2016, na seva zake huongea kwa itifaki ya ActivityPub, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018. Seva haichoti kila kinachoandikwa duniani. Kwa kawaida hupokea machapisho ya watu wanaofuatwa na angalau mtumiaji wake mmoja. Mkiwa watano, mkitafuta #Cassava (muhogo) mtaona machapisho mawili matatu, hata kama siku hiyo wengi wameandika kwingine. Hapo ndipo wengi hurudi X wakisema huku hakuna watu. Watu wapo, ni seva yako isiyowajua. Tena picha za seva nyingine hujaza diski isiposafishwa, na kikoa mlichoanza nacho hakibadilishwi baadaye bila kuvuruga kila kitu.

Anzeni kwenye seva yenye wanasayansi tayari, kwa mfano fediscience.org. Kabla ya chapisho la kwanza, fuateni watu hamsini wa fani yenu. Jazeni wasifu: jina, picha, fani, taasisi. Ukurasa wako wa chuo ukibeba kiungo cha akaunti yako chenye rel="me" (maandishi ya HTML yanayosema ukurasa na akaunti ni vya mtu mmoja), na wewe ukauweka ukurasa huo kwenye wasifu wako, Mastodon itauwekea alama ya kijani ya uthibitisho, bure kabisa. Wasifu mtupu unafanana na akaunti ya matapeli, basi usinung'unike ukikataliwa.

Alama ya reli (#) si pambo. Utafutaji wa maneno hugusa tu machapisho ya waliokubali kutafutwa, kwa hiyo bila #CassavaBrownStreak hutapatikana. Anza kila neno kwa herufi kubwa, ili programu zinazowasomea wasioona zilitamke sawasawa.

Sasa kuhama seva, sifa inayotangazwa kuliko zote. Katika akaunti mpya unaitambulisha ile ya zamani, kisha unarudi kwenye ya zamani na kuamuru uhamisho. Wafuasi wanakufuata. Machapisho hayaji! Orodha ya unaowafuata unaipakua mwenyewe kama faili ya CSV na kuipandisha upya. Seva ikifa kabla hujaamuru, wafuasi wamekwenda nayo.

Ndiyo maana data haikai kwenye chapisho. Iweke Zenodo, hifadhi ya data ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya: hadi GB 50 kwa rekodi moja, na unapewa DOI, kitambulisho cha kudumu cha kunukuu. Chapisho libebe kiungo tu. Picha zaidi ya 21,000 za majani ya muhogo, zilizopigwa na wakulima wa Uganda na kutambuliwa na wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge pamoja na maabara ya akili bandia ya Makerere, ziliwekwa wazi Kaggle, jukwaa la mashindano ya data, mwaka 2020, na wageni kutoka kila pembe wakazifanyia kazi. Ushirikiano wa namna hiyo huanza na faili linalofunguka, salamu hufuata.

Ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa msimbo, na msimamizi wa seva anaweza kuusoma. Usitume humo orodha ya wagonjwa wala GPS ya shamba la mtu. Uganda ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019.

Na asikudanganye mtu kuhusu mitandao kufungiwa na serikali. Facebook ilipozimwa Uganda Januari 2021, seva za Mastodon zingefaa. Siku iliyofuata intaneti nzima ilikatwa, na hapo hata Mastodon isingefunguka.