Faida ya Kuoka Huanza Kwenye Kukanda

Wengi hudhani raha ya kuoka iko kwenye kula. Kwa anayeoka ili atulize akili, sehemu kubwa ya faida huja mapema, vidole vikiwa bado vimejaa unga. Ndiyo maana hatumshauri mtu mwenye msongo wa mawazo aanze na keki ya mapambo. Keki ya namna hiyo ni mtihani, maana kuna watakaoitazama na kuitolea maoni. Mkate wa kawaida hauna mashabiki wala majaji.

Viungo ni vinne: unga wa ngano gramu 500, maji mililita 325, chumvi gramu 10, na hamira ya chenga gramu 7, ile inayochanganywa moja kwa moja na unga. Tumia mizani. Kikombe cha unga ulioshindiliwa huweza kuzidi cha unga uliomiminwa kwa kijiko kwa gramu 30 au zaidi, na tofauti hiyo inatosha kuharibu mkate. Halafu kupima kwenyewe ni sehemu ya tiba: akili yenye wasiwasi hupenda kukimbilia kesho, na ni vigumu kuikimbilia kesho huku unasubiri namba itulie kwenye gramu 10.

Maji yawe ya uvuguvugu. Yakiwa moto kiasi cha kukufanya uondoe kidole, yaache yapoe kwanza, kwa sababu yakikaribia nyuzi joto 60 za Selsiasi hamira hufa. Maji baridi hayaiui, huichelewesha tu. Kwa hiyo ukiwa na shaka, elekea kwenye ubaridi.

Changanya vyote mpaka pasibaki unga mkavu, funika bakuli, acha dakika 20. Unga hunywa maji na gluteni, yaani nyuzi zinazoushika mkate, huanza kujijenga bila jasho lako. Kisha hamia mezani ukande kwa dakika 10 hadi 12. Sukuma donge mbele kwa kitako cha kiganja, likunje kuelekea kwako, ligeuze robo mzunguko, rudia. Toa pumzi unaposukuma, vuta unapokunja.

Dakika tatu za mwanzo donge litanata na utatamani kuongeza unga. Usiongeze! Hapa ndipo mikate mingi ya wanaoanza huharibika: kila konzi inayoongezwa humfanya mlaji atafune mkate mkavu, mzito. Lowesha viganja kidogo uendelee. Baada ya muda kunata hupungua, na mwishoni donge huwa laini kama ndewe ya sikio. Kata kipande cha ukubwa wa ndimu ukivute taratibu kwa vidole. Kikitanuka kuwa utando unaopitisha mwanga, umemaliza. Kikichanika mapema, kanda dakika mbili zaidi.

Kukanda hutuliza kwa sababu za kawaida kabisa. Mikono yote miwili ina kazi, mwendo ni uleule, na mabadiliko unayaona papo hapo. Simu nayo haishikiki kwa vidole vya unga, ingawa ni salama zaidi ikibaki chumba kingine. Kuhusu shughuli za ubunifu kwa jumla, mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walichapisha matokeo ya kufuatilia vijana 658 walioandika shajara kwa siku 13. Siku iliyofuata baada ya kujishughulisha na ubunifu, vijana hao walieleza kuwa na hamasa zaidi. Hilo si sawa na kusema mkate unatibu, na sisi hatusemi hivyo. Huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi, au ikikuzuia kulala na kufanya kazi, muone mtaalamu wa afya. Kuoka kuendelee pembeni.

Donge likae bakulini, limefunikwa, dakika 60 hadi 90 mpaka liwe mara mbili ya ukubwa wake. Tazama donge kuliko saa, kwani joto la chumba ndilo linaloamua. Muda huu usiujaze kazi nzito. Kaa, osha vyombo, nyoosha mgongo. Kisha toa hewa kwa kubonyeza, viringisha, weka kwenye chombo cha kuokea kilichopakwa mafuta, na uache dakika 40 hivi. Bonyeza kwa kidole: kishimo kikirudi haraka, bado, kikirudi polepole na kubakiza alama, ingiza ovenini. Kisiporudi kabisa, umepitiliza, na mkate utabonyea ukiokwa. Usiutupe. Utoe hewa, uviringishe upya, uumuke tena kwa muda mfupi zaidi.

Oveni iwe imewashwa angalau dakika 20 kabla, nyuzi joto 220, na mkate ukae dakika 30 hadi 35. Ukigongwa chini utoe mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Halafu usubiri saa nzima kabla ya kukata. Ni adhabu, tunajua, hasa harufu ikishajaa nyumba. Lakini ndani wanga bado unajishika, na kisu cha mapema huacha mkate unaonata kama haukuiva.

Zipo siku ambazo hata kukanda ni mzigo, au viungo vya vidole vinauma. Siku hizo tumia unga uleule na chumvi ileile, ila maji mililita 375 na hamira robo kijiko cha chai tu. Koroga, funika, acha usiku kucha, saa 12 hadi 18. Muda utafanya kazi ya mikono. Oka ndani ya sufuria nzito isiyo na vipini vya plastiki, iliyopashwa moto pamoja na oveni: nyuzi joto 230, dakika 30 na mfuniko, dakika 15 bila mfuniko.

Mara moja kwa wiki inatosha. Nusu ya mkate mpe mtu, ukiwa bado na uvuguvugu ikiwezekana. Mazungumzo ya mlangoni yana faida zake, na pia hutabaki peke yako na mkate mzima. Ukitoka mzito kiasi cha kuona aibu kuugawa, ukate vipande vyembamba, uvikaushe ovenini kwa nyuzi joto 120 kwa dakika 20 hadi 30 ukivigeuza mara moja, na uandike kwenye daftari ni maji kiasi gani uliweka.