Msichana Jikedume Usimtie Hatamu Mwishoni

Naandika hadithi za watoto, na wahusika ninaowapenda kuliko wote ni wasichana wasiotulia: wapanda miti, warusha mawe kwa shabaha, magoti yao yamechubuka mwaka mzima. Ukitaka kumtia mmoja wao katika safari ya uchawi, ushauri wangu wa kwanza ni huu: uchawi usimfanyie kazi yake.

Waandishi wengi humpa binti huyo fimbo ya ajabu au damu ya kifalme mapema mno. Tangu hapo kupanda miti hakumsaidii tena, maana anaweza kupaa. Mimi humwacha bila uchawi kabisa. Uchawi nauweka kwa adui, au mahali penyewe: msitu unaobadili njia zake kila jua linapozama, mto usiomvusha mtu mpaka autajie jina lake. Kisha najiuliza, mtu anayejua kufunga mafundo, kukimbia na kusikiliza nyayo atapitaje hapa? Labda atafunga kamba toka mti hadi mti kabla giza halijaingia. Njia zitahama, kamba itabaki. Mtoto anayesoma hufurahi sana hapo, kwa sababu kamba anaijua, na fundo hilo hata yeye angeweza kulifunga.

Ila sheria ya uchawi itajwe mapema, na uiheshimu. Kama msitu hubadilika jua likizama, usibadilike adhuhuri kwa kuwa wewe umekwama. Wasomaji wa miaka 8 hadi 12 hawasamehi jambo hilo. Nikiwasomea rasimu kwa sauti, hunikatiza papo hapo: "Lakini ulisema usiku tu!" Wasomee kabla ya kumpelekea mhariri. Wakianza kuchezea vidole, ujue maelezo yamezidi.

Linaloniuma zaidi ni mwisho. Safari inaisha, binti anarudi, anavishwa gauni, anatengenezwa nywele, na watu wanashangilia kwamba sasa amekuwa msichana kweli. Shinikizo hili ni la zamani. Mwandishi Mmarekani Louisa May Alcott alipochapisha sehemu ya kwanza ya Little Women, riwaya ya mabinti wanne wa familia moja, mwaka 1868, wasomaji walimwandikia wakitaka kujua mabinti wale wataolewa na nani. Yeye alitamani Jo, yule mtundu kati yao, abaki bila mume. Sehemu ya pili ilipotoka mwaka 1869, Jo aliolewa, ingawa si na kijana ambaye wasomaji walimtaka.

Wewe hulazimiki kukubali. Binti abadilike, ndiyo. Ajifunze kuogopa kinachostahili kuogopwa, amwombe msaada rafiki aliyemdharau mwanzoni, atambue kwamba kukimbia peke yake hakutoshi. Hayo ni mabadiliko ya moyo, na hayadai suruali yake iliyochanika itupwe. Na kama hadithi yako ina malkia anayetaka kumtuza kwa kuuokoa ufalme, ampe mashua.