Likeni ya Iceland: inaliwa, ila itoe uchungu kwanza

Ndugu, umeuliza kama ile likeni (kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja) kavu ya Iceland uliyoletewa inaliwa, na kama kweli inatuliza kikohozi. Inaliwa. Watu wa Iceland wameila kwa karne nyingi, wakiichemsha kwenye maziwa au kuichanganya na unga wa mkate nafaka zilipokuwa haba. Kazi iko kwenye uchungu, unaotokana na asidi zake. Iloweke usiku kucha kwenye maji yenye magadi kidogo, yamwage, isuuze vizuri, ndipo uipike. Usishtuke supu ikipoa na kuganda. Ni wanga wake huo, likenini.

Ute wa wanga huohuo ndio unaolainisha koo, hivyo kikohozi kikavu hupata nafuu. Kifua kikuu hautibu, ingawa zamani walijaribu. Kikohozi kikifika wiki mbili au zaidi, nenda kapimwe.

Ukitaka kuokota mwenyewe, kaa mbali na barabara na viwanda. Likeni haina mizizi, hunyonya kilichomo hewani, hata madini ya risasi. Ile ya manjano kali, Letharia vulpina, usiiguse: Skandinavia waliitegea mbwa mwitu kama sumu.