Majibu kwa Wasomaji: Wagiriki wa Kale na Hekaya Zao

Barua tulizopokea mwezi huu kutoka Mbeya, Tukuyu, Njombe, Kalenga na Makambako zimeuliza, kila moja kwa njia yake, kama hekaya za Wagiriki wa kale zina ukweli wowote ndani yake. Nimezijibu kwa pamoja kwa sababu jibu la barua moja husaidia kuielewa nyingine.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Mbeya mjini. Nimesoma kwamba mfalme Minos wa Krete alimfungia Minotaur, kiumbe mwenye kichwa cha fahali na mwili wa mtu, ndani ya jumba la vichochoro visivyo na mwisho, na kwamba alimlisha vijana waliotolewa Athens. Je, jumba hilo limewahi kuonekana?

Marahaba, mwanangu. Kiumbe huyo hakuwapo, lakini jumba ambalo huenda lilizaa hekaya hiyo lipo. Mwaka 1878 mfanyabiashara wa Krete, Minos Kalokairinos, alichimba sehemu ya kilima cha Knossos akakuta ghala lenye mitungi mikubwa ya udongo. Kuanzia mwaka 1900 Mwingereza Arthur Evans alikifukua kilima hicho, na kilichojitokeza ni kasri lenye ua mpana katikati, likizungukwa na mamia ya vyumba, ngazi, maghala na korido zinazopindapinda kiasi kwamba mgeni angeweza kupotea humo mchana kweupe. Evans ndiye aliyewapa wajenzi wake jina la Waminoa, akilitoa kwa mfalme wa hekaya.

Fahali naye anaonekana kila mahali. Upo mchoro wa ukutani unaoonyesha kijana akipinduka juu ya mgongo wa fahali anayekimbia, vipo vyombo vya sadaka vilivyochongwa kwa umbo la kichwa cha fahali, na zipo pembe za mawe zilizopamba majengo. Kwa maoni yangu, Wagiriki wa baadaye walirithi kumbukumbu mbili za kweli, yaani dola ya Krete iliyotawala bahari na watu wake waliomtukuza fahali, wakazifunga pamoja katika kisa cha vijana saba na wasichana saba, cha Theseus aliyemuua Minotaur, na cha uzi wa Ariadne, binti Minos, uliomwongoza Theseus hadi nje. Ukibahatika kufika Knossos, kumbuka kwamba sehemu kubwa ya nguzo na kuta zilizopakwa rangi zilijengwa upya na Evans kwa zege, na wataalamu wengi wamemlaumu kwa hilo.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Tukuyu. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Rungwe, karibu na Ziwa Ngozi lililomo ndani ya kasoko, hatuhitaji kufundishwa kwamba ardhi inaweza kulipuka. Wanafunzi wangu wanauliza kama ni kweli kwamba volkano ndiyo iliyoumaliza ustaarabu wa Krete.

Ndugu mwalimu, hoja hiyo ilitolewa mwaka 1939 na mwanaakiolojia Mgiriki, Spyridon Marinatos, na ilikuwa hoja nzito. Kisiwa cha Thera, kiitwacho pia Santorini, kilichoko zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Krete, kililipuka karibu mwaka 1600 KK kwa nguvu ambayo ni nadra kushuhudiwa katika historia ya binadamu, na katikati yake ikabaki kasoko iliyojaa maji ya bahari. Marinatos mwenyewe alianza kuchimba huko mwaka 1967, mahali paitwapo Akrotiri, akakuta chini ya majivu mji wenye nyumba za ghorofa mbili na tatu, mifereji ya maji machafu na michoro ya kupendeza ya mbayuwayu na wavuvi. Maiti hazikukutwa ndani ya nyumba hizo. Yaelekea matetemeko yaliyotangulia yaliwaonya wenyeji, nao wakaondoka mapema.

Hata hivyo, makasri mengi ya Krete yaliteketea karibu mwaka 1450 KK, yaani vizazi kadhaa baada ya mlipuko, na katika kipindi hicho cha kati mafundi wa Krete waliendelea kufinyanga vyombo bora kuliko vya awali. Volkano inaweza kuwa iliwadhoofisha, hasa katika biashara ya bahari, lakini haikuwamaliza. Waliotawala Knossos baada ya moto huo walikuwa Wagiriki kutoka bara, watu wa Mycenae, ambao tutakutana nao tena katika majibu yanayofuata. Habari za Atlantis, ambazo wanafunzi wako bila shaka watazitaja, zinatoka kwa mwanafalsafa Plato wa karne ya 4 KK, aliyezitumia kufundisha juu ya dola yenye kiburi. Ningewashauri wazisome kama mafundisho ya siasa, si kama ramani.

Kutoka Njombe: Nimeisoma Iliad yote, utenzi wa Mgiriki Homer kuhusu vita vya Wagiriki na mji wa Troy, nikimtafuta farasi wa mbao ambamo Wagiriki walijificha ili waingie mjini, nisimwone. Je, nakala yangu ina upungufu?

Nakala yako ni kamili. Iliad husimulia siku chache tu za mwaka wa kumi wa vita, na huishia kwenye mazishi ya Hector, shujaa wa Troy, mji huo ukiwa bado umesimama. Farasi hutajwa kwa ufupi katika Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, na kisa chake kirefu kimo katika kitabu cha pili cha Aeneid, utenzi wa Mrumi Virgil wa karne ya 1 KK.

Huku Kalenga tunaonyeshwa mahali ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, iliyovunjwa na Wajerumani mwaka 1894, na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 tunaliona katika makumbusho. Sisi tuna hakika na vita vyetu. Je, Wagiriki wana hakika gani na vita vya Troy?

Umegusa kiini cha jambo. Anayeandika historia ya Kalenga ana taarifa za maafisa wa Kijerumani waliokuwapo, tena ana masimulizi ya wazee wa Kihehe waliosikia kutoka kwa watu walioishi ndani ya ukuta ule, naye hupima upande mmoja kwa mwingine. Kwa Troy hakuna shahidi wa namna hiyo. Wagiriki wenyewe waliuweka mwisho wa vita karibu mwaka 1184 KK kwa hesabu ya msomi Eratosthenes, ilhali tenzi za Homer zilipata umbo lake katika karne ya 8 KK au baada yake. Katikati kuna zaidi ya miaka 400, ambayo kisa kilipitia midomoni mwa watambaji bila kuandikwa.

Mji wenyewe upo. Kilima cha Hisarlik, kaskazini magharibi mwa Uturuki, kina tabaka kuu tisa za makazi zilizolaliana. Frank Calvert alikuwa ameanza kuchimba hapo, naye ndiye aliyemshawishi Mjerumani Heinrich Schliemann, ambaye kuanzia mwaka 1870 alikata handaki kubwa katikati ya kilima kwa pupa ya kuifikia Troy ya Homer. Mwaka 1873 alipata vito vya dhahabu akavitangaza kuwa hazina ya Priam, mfalme wa Troy katika hekaya, kumbe vilikuwa vya zaidi ya miaka 1000 kabla ya wakati uliodaiwa, na katika kushuka kwake alikuwa amebomoa sehemu ya tabaka alizozitafuta. Inasikitisha sana, kwa maana tabaka iliyobomolewa hairudi. Alirudia haraka hiyo kule Mycenae mwaka 1876, alipokihusisha na Agamemnon, kiongozi wa Wagiriki katika vita hivyo, kinyago cha dhahabu ambacho ni cha takriban miaka 300 kabla ya vita.

Waliomfuata walichimba kwa subira. Walikuta kwamba tabaka ya sita ilikuwa na kuta imara za mawe, na kwamba tabaka iliyofuata iliungua karibu mwaka 1180 KK, ikiwa na dalili za mapigano. Kumbukumbu za Wahiti, dola kubwa iliyotawala sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, nazo zinataja mji wa Wilusa, ambao wataalamu wengi huutambua kuwa ni Ilios, jina jingine la Troy katika Homer. Mfalme wake mmoja, aliyefanya mkataba na Wahiti katika karne ya 13 KK, aliitwa Alaksandu, na Paris wa hekaya, mwana wa Priam aliyemchukua Helen na kuzusha vita, huitwa pia Alexandros.

Kwa hiyo ningesema kwamba mji ulikuwapo na ulipiganiwa, pengine zaidi ya mara moja. Helen, shujaa wa Kigiriki Achilles na miaka kumi ya mazingiwa haviwezi kuthibitishwa. Homer hukumbuka kitu kimoja kwa usahihi wa kushangaza, kwa mfano kofia ya vita iliyoshonewa meno ya nguruwe mwitu, ambayo ilikuwa imeacha kuvaliwa karne nyingi kabla yake na ambayo imefukuliwa makaburini. Kisha husahau jingine kabisa, kwani mashujaa wake huchomwa moto, wakati watu wa Mycenae kwa kawaida walizika wafu wao.

Mimi ni mtunza ghala, Makambako. Nimesikia kwamba maandishi ya kwanza ya Kigiriki ni hesabu za ghala. Ni kweli?

Ni kweli, ndugu yangu, na wenzako wa kazi wanastahili heshima zaidi ya wanayopewa. Huko Knossos, na tangu mwaka 1939 huko Pylos, penye kasri jingine katika Ugiriki bara, vilipatikana vibao vya udongo vyenye mwandiko uitwao Linear B. Havikukusudiwa kudumu, vilikaushwa tu, na ni moto ulioteketeza makasri uliovichoma vikawa vigumu kama matofali. Mmarekani Alice Kober alionyesha mpangilio wa viambishi vya lugha hiyo kabla hajafariki mwaka 1950, na mwaka 1952 msanifu majengo Mwingereza, Michael Ventris, akathibitisha kwamba ni Kigiriki. Mwandiko wa Waminoa uliotangulia, Linear A, haujasomeka hadi leo.

Makarani hao waliandika kondoo wapatao 100,000 wa Knossos, mafuta, magurudumu ya magari ya vita, ngano na tini za wanawake wafumaji na watoto wao, na hata majina ya ng'ombe wa kulimia, mmoja wao akiitwa kwa neno lenye maana ya Mweusi. Hekaya hazimo. Jina la Hector limo, lakini ni la mtu wa kawaida wa Pylos. Makasri yalipoanguka karibu mwaka 1200 KK, mwandiko huo ulikufa pamoja na ofisi zilizouhitaji, na Wagiriki hawakuandika tena hadi walipochukua herufi za Wafoinike katika karne ya 8 KK.

Miungu nayo ilipokea mgawo wake, ukaandikwa: Zeus, Hera, Poseidon. Wataalamu wengi waliamini kwamba Dionysus, mungu wa mvinyo, alikuwa mgeni aliyeingia Ugiriki karne nyingi baadaye, kwa kuwa hekaya zenyewe humsimulia akiwasili kutoka mbali. Jina lake lilipokutwa kwenye kipande cha kibao cha Pylos, imani hiyo ililazimika kuachwa.