Uvimbe wa mfupa: onyesha eksirei kwanza, majibu ya sindano baadaye

*Dokta, kipimo cha sindano kwenye mfupa kinauma sana? (Tanga)*
Unapigwa ganzi kwanza. Utasikia kubanwa, basi.

*Mwanangu ana miaka 14, chini kidogo ya goti pamevimba huu mwezi wa pili, usiku halali. Wamefyonza kwa sindano, majibu "hakuna saratani". Tushukuru Mungu? (Morogoro)*
Subiri kwanza mama. Mbona eksirei hujaitaja? Kila wiki naletewa majibu ya sindano bila picha, na hilo linanikera kweli, maana sindano nyembamba inatoa seli tu, haioni mfupa umekaaje, na uvimbe ukiwa mgumu inaweza isipenye ikaambulia damu. "Hakuna saratani" hapo maana yake ni kwamba kwenye kile kitone kilichopakwa kwenye kioo hawakuona seli mbaya. Maeneo ya goti kwa umri wake ndipo osteosakoma, saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe, hupenda kukaa. Picha ikionyesha mfupa umeliwa, au utando wake umeinuka kama pembetatu, hayo majibu yasiwatulize, arudi achukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, kwa sindano nene. Nendeni wiki hii hii. Na mguu usichuliwe, hata kama fundi mifupa ni babu yake mzazi.

*Mbona nimeambiwa nirudi kuchomwa tena? (Nakuru)*
Seli hazikutosha. Nenda.

*Eti sindano inasambaza saratani?*
Jamani, hili nimelijibu mara ngapi! Kinachoharibu ni kuchukua kinyama hovyo hovyo. Pale ilipopita sindano nene au kisu seli zinaweza kubaki, kwa hiyo daktari atakayekuja kuutoa uvimbe ndiye aseme pachomwe wapi, ili baadaye aiondoe na hiyo njia. Daktari wa mifupa Mankin na wenzake kule Marekani mwaka 1982 walipekua wagonjwa 329, wakakuta kuna waliokatwa kiungo bila sababu kwa ajili ya kinyama kilichochukuliwa vibaya. Wakarudia 1996 kwa wagonjwa 597, hali ikawa karibu ile ile. Ukiambiwa "tuchukue hapa hapa halafu tukupe rufaa", kataa, omba rufaa kwanza.

*Baba ana miaka 68, alitibiwa saratani ya tezi dume, sasa nyonga inamuuma. Sindano itasaidia?*
Hapo ndipo sindano inafanya kazi nzuri, maana kwa mtu mzima saratani ya mfupani mara nyingi imetoka kwingine, na seli zenyewe zinaweza kuonyesha zimetoka wapi. Apigwe picha kwanza, apime na PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, na kuanzia leo asibebe ndoo wala gunia, atembelee fimbo, mfupa ulioliwa unavunjika hata kwa kujikwaa tu.